Wosia wa Kidoti

Mji mzima ulijua kwamba ukiwa na mtoto aliyeanza kununa, kufunga mlango na kujitazama kwenye kioo saa nzima, mtu wa kumpelekea ni yule muuguzi wa zahanati ya karibu na stendi. Watu wazima walimwita Sista. Wanafunzi walimwita Mama Balehe. Jina hilo la pili alilijua fika, wala halikumkera. Alilipenda, ila hakutaka watu wajue kwamba analipenda.

Kila muhula shule zilimwita azungumze na wale wa darasa la saba na la nane. Alikwenda na picha zake mbili kubwa za kutundika ubaoni, boksi la pedi za kuonyeshea, na mdomo wake. Mdomo ndio uliofanya kazi kubwa. Alikuwa na namna ya kusema mambo ya aibu hadi yakawa mambo ya kuchekesha, na mtoto aliyeingia ameinamisha kichwa alitoka amevunjika mbavu. Alizungumza juu ya sauti zinazokwaruza, chunusi zinazochagua kutokea siku ya picha, makwapa yanayotangulia kufika mahali kabla ya mwenyewe. Walimu walimshukuru. Wao wenyewe mada hiyo walikuwa wakiipitia mbio mbio kama mtu anayevuka barabara kubwa.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye alama nyeusi juu ya mdomo iliyompa jina la Kidoti. Baba yake alikuwa kinyozi. Alikuwa na duka la kiti kimoja na vioo viwili mtaa wa nyuma ya soko, na alikuwa mtu wa maneno machache kiasi kwamba wateja walikwenda kwake kupumzisha masikio.

Siku Sista alipotangaza mezani kwamba wiki ijayo ni zamu ya shule ya Kidoti, mtoto aliacha kutafuna.

"Mama, si wangemtuma mwingine?"

"Mwingine nani? Wakimtuma yule bwana wa chanjo si mtalala usingizi?"

"Basi usiniangalie. Na usiniite jina."

"Sawa, nitakuwa kama sikujui."

"Na usitoe zile hadithi zako."

Sista alicheka. "Hadithi zangu zina ubaya gani?"

"Mama. Niahidi."

Akamtazama mumewe, mumewe akatazama sahani yake. "Haya, nakuahidi," alisema. Na kwa wakati ule alimaanisha.

Siku yenyewe mambo yalianza vibaya. Mwalimu mkuu alikuwa na chumba kimoja tu cha ziada, hivyo wavulana na wasichana waliwekwa pamoja, zaidi ya hamsini, wamebanana watatu watatu kwenye madawati. Baya zaidi, mwalimu mkuu mwenyewe aliamua kubaki. Alisimama nyuma kabisa, mikono mgongoni, na watoto walimhisi visogoni mwao. Sista alitoa kichekesho cha sauti inayokwaruza, kimya. Akatoa cha makwapa. Mvulana mmoja alikohoa, basi. Darasa liliganda jii.

Angeweza kuendelea hivyo hivyo, akaeleza, akaonyesha picha, akafunga boksi lake na kwenda zake. Lakini pale ilikuwa shule ya mwanawe. Alitaka, Mungu amsamehe, Kidoti aone mama yake anavyowaweza watu. Na mtu akibanwa hukimbilia silaha yake nzito kuliko zote.

"Ngojeni niwaambie," alisema. "Kulikuwa na msichana mmoja. Sitamtaja. Siku moja akaona damu. Hakuna aliyemwambia ni nini. Mnajua alifanya nini? Hakulia, hakupiga kelele. Aliketi chini akaandika wosia!"

Mtu alicheka kwa pua. Sista alipata nguvu kama gari lililopata mteremko.

"Wosia kamili! Viatu vyangu vya kutokea apewe binti wa shangazi, vitamtosha mwakani. Baba arudishiwe kioo chake kidogo nilichokichukua bila kuomba. Na mkebe wangu wa njano, na penseli zote isipokuwa ile fupi..."

Hapo darasa lilikuwa linacheka kweli kweli. Hadithi ile alikwisha kuisimulia shule kumi na moja, na kote sehemu ya penseli fupi ndiyo iliyowamaliza. Alikuwa amejiandaa kungoja kicheko kipungue. Badala yake kilibadilika. Vichwa vilianza kugeuka, kimoja, viwili, safu nzima, kuelekea dawati la tatu karibu na dirisha. Mvulana mmoja alinyoosha mkono akanyanyua kitu juu.

"Sista! Mkebe wenyewe si huu hapa?"

Ulikuwa mkebe wa bati, wa njano, wenye picha ya jogoo iliyoanza kubanduka. Hapakuwa na mtoto pale asiyeujua.

Chumba kililipuka. Watoto walipiga madawati. Hata mwalimu mkuu kule nyuma aliziba mdomo kwa ngumi. Sista alitafuta uso wa binti yake, akauona, na Kidoti alikuwa anacheka. Alikuwa amefungua kinywa, meno yote nje, mabega yakimtikisika kama ya wenzake. Macho tu ndiyo hayakuwemo katika kicheko kile. Yalimtazama mama yake wazi wazi, makavu, kama macho ya mtu aliyeshikwa mkono mbele za watu na hawezi kuuvuta.

Sista aliijua sura ile. Alikwisha kuiona mara moja, miezi sita iliyopita, na mara ile aliipokea kuwa furaha.

Alimaliza somo hajui anasema nini. Mlangoni mwalimu mkuu alimpa mkono kwa nguvu. "Leo umewaweza, Sista. Hawa huwa ni mawe." Akashukuru. Alijisikia akishukuru, na masikio yakamwaka moto.

Jioni alirudi nyumbani amejiandaa kwa lolote. Alitegemea mlango uliofungwa, au machozi, au maneno makali. Yote hayo aliyajua, yalikuwemo kwenye somo lake, ukurasa wa pili. Alimkuta Kidoti anaosha vyombo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, ile ya leo... ulimi uliteleza."

"Si kitu."

"Umekasirika?"

"Hapana, mama. Nikupashie maji ya kuoga?"

Ndivyo ilivyokuwa siku nne mfululizo. Salamu kamili, vyombo safi, kitanda kimetandikwa, naam mama, hapana mama. Asubuhi mtoto alivaa sare, akachukua begi, akaaga. Sista alijaribu kujiambia kwamba yamepita. Watoto husahau. Aliwaambia hivyo wazazi wengi, nao walimwamini.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, akiwa anamdunga mtoto mchanga sindano, simu ilimwita. Mwalimu mkuu.

"Sista, samahani, mtoto anaendeleaje?"

"Mtoto yupi?"

"Wa kwako. Hii si siku ya tano sasa? Tangu siku ile ulipokuja hatujamwona. Tuliambiwa anaumwa. Barua ilikuja, ina sahihi ya baba yake."

Aliuliza tena kwa kuwa hakuamini masikio yake, akajibiwa yale yale. Alimkabidhi mtoto mchanga kwa mama yake, akavua glavu, akatoka na koti lake jeupe vile vile. Kutoka zahanati hadi duka la kinyozi ni mwendo wa dakika kumi. Alitumia tano, na njia nzima alimpangia mumewe maneno.

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Nusu ya kulia ilikuwa imekwisha, nusu ya kushoto bado msitu. Alimwona mkewe kwenye kioo kabla hajageuka, akazima mashine.

"Yuko wapi?" Sista aliuliza.

Kinyozi alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya duka palikuwa na pazia la maua, na chini ya pazia palionekana viatu vya shule vya mtoto wa kike, vimekaa sambamba.

"Twende nje," alisema kinyozi.

"Na mimi je?" aliuliza mwenye nusu kichwa.

"Dakika moja."

"Dakika moja ya nani? Nina kikao saa tano!"

Walisimama kwenye baraza, kati ya duka na muuza vifaa vya simu. Sista aliongea kwa sauti ya chini.

"Umeandika barua ya uongo shuleni. Unamficha mtoto nyuma ya pazia. Mimi ni nani katika nyumba ile?"

"Alikuja mwenyewe siku ile ile," alisema kinyozi. "Hakufika nyumbani kwanza, alikuja hapa. Alikaa kwenye benchi mpaka wateja wakaisha. Kisha akaniambia baba, nikirudi pale nitakufa, na safari hii si mchezo. Nikamwambia kaa. Anakunja mataulo, anasoma vitabu vyake. Nilimpa wiki mbili."

"Na hukuniambia!"

"Aliniomba." Kinyozi alipangusa nywele za mteja mkononi mwake, taratibu, kama anazihesabu. "Alisema, usimwambie Sista."

"Nisiambiwe nani?"

"Hakusema mama. Alisema Sista."

Maneno yote aliyoyapanga Sista njiani yalikuwa yameondoka na hakujua yamekwenda wapi. Mumewe hakuwa mtu wa kumchoma mtu kwa makusudi. Alisema tu alichokisikia. Ndiyo maana kiliingia moja kwa moja.

Aliingia ndani, akampita yule bwana wa nusu kichwa, akavuta pazia. Kidoti alikuwa ameketi juu ya kreti, kitabu cha jiografia mapajani, rundo la mataulo kando yake. Hakushtuka. Sauti zao alikwisha kuzisikia.

"Mwanangu," Sista alianza, akachuchumaa ili macho yao yalingane, kama alivyokuwa akiwafundisha walimu. "Unachopitia ni hali ya kawaida kabisa. Katika umri wako, hisia za aibu huwa kubwa kuliko..."

"Mama," alisema Kidoti. "Hapa si darasani."

Mashine ya kunyolea ilianza tena upande wa pili wa pazia. Kwa kelele zake hakuna aliyeweza kuwasikia, na huenda kinyozi aliiwasha kwa sababu hiyo.

"Ile karatasi yangu iko wapi?" aliuliza Kidoti.

"Karatasi gani?"

"Unaijua."

Aliijua. Miezi sita kabla, Sista alikuwa amekwenda wiki nzima kwenye shule za mbali, huko ambako magari hufika mara mbili kwa wiki. Alirudi Jumamosi. Jumapili akibadilisha mashuka alikuta karatasi chini ya godoro la binti yake, imekunjwa mara nne. Alisoma amesimama, na alipofika kwenye penseli fupi alikaa kitandani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alimwita Kidoti akamkumbatia huku bado anacheka. Alimweleza kila kitu kwa nusu saa, pamoja na picha. Na Kidoti alicheka pia. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake siku zote, alipokuwa akiisimulia: hata mwenyewe alicheka.

"Iko kazini," alisema.

"Kazini wapi?"

Angeweza kudanganya. Alitamani sana. "Kwenye kabati la dawa. Ndani ya mlango. Tuliibandika."

Kidoti alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa habari aliyokuwa akiingoja. "Wangapi wameisoma?"

"Wote wa pale. Wanane. Na nimeisimulia shule kumi na moja. Na ya kwenu."

"Bila jina."

"Bila jina."

Kidoti alifunga kitabu cha jiografia. Alipoongea tena, aliongea akiyatazama mataulo. "Siku ya pili ya ile damu nilikupigia simu. Kwa simu ya baba. Unakumbuka?"

Sista hakukumbuka.

"Ulipokea. Nikasema mama. Ukasema mwanangu niko mbele ya wanafunzi, nitakupigia. Nikangoja. Nilikaa na simu mpaka baba akaitaka. Ndipo nikaandika. Sikuandika ili watu wacheke. Niliogopa siku tatu, mama."

Pale Sista alikumbuka. Hakuikumbuka simu yenyewe, maana simu huwa nyingi, lakini alilikumbuka darasa: chumba chenye bati jipya, wasichana arobaini wamekaa sakafuni, na yeye mbele yao anasema, kwa ile sauti yake ya kuchekesha, jambo hili likikutokea usiogope hata kidogo, mtafute mtu mzima unayemwamini umwambie. Simu ilitetemeka juu ya meza. Aliinyanyua, akasema maneno sita, akaiweka, akaendelea pale alipoishia.

Alichuchumaa pale mpaka magoti yakaanza kumuuma, na alipoinuka alishika pazia ili asiyumbe, akatoka bila kumuaga mtu. Barabarani watu walimsalimia, "Sista, habari za kazi!" na kila salamu ilimwangukia kama kofi.

Zahanati ilikuwa saa ya chai. Mgawa dawa, kijana mcheshi aliyependwa na wagonjwa wote, alikuwa anapuliza kikombe chake.

Sista alifungua kabati. Karatasi ilikuwa pale pale, imeshikwa kwa plasta za vidonda pembe zote nne, kwenye usawa wa macho, ili mtu akifuata dawa za maumivu apate na kicheko cha bure. Alianza kuibandua kwa kucha.

"Ah, Sista, unatuondolea burudani?" alisema mgawa dawa. "Ile ya Jumapili ndiyo huniua mimi kila nikisoma."

"Ipi ya Jumapili?"

"Si ile ya mwisho kabisa."

Sista alikuwa ameisoma mara nyingi. Mstari wa mwisho aliujua, aliupita kila mara kwa sababu penseli fupi ilikwisha kuleta kicheko, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa akisikiliza. Aliipeleka karatasi dirishani. Mwandiko ulikuwa wa kujitahidi, herufi zimekaa vizuri juu ya mistari, kama mtu aliyejua kwamba hatapata nafasi ya kusahihisha.

*Mama asiambiwe mpaka Jumapili, kwa sababu anafundisha watoto na akirudi huwa amechoka.*

Aliusoma mara moja tu. Kisha akasimama akiwa amewapa wenzake mgongo, na mgawa dawa, ambaye alikuwa bado anatabasamu, akaweka kikombe chini.

"Sista? Nimesema vibaya?"

"Hapana," alisema. "Wewe hukusema kitu ambacho sikukufundisha mimi."

Aliomba ruhusa ya siku ile na ya kesho yake. Nyumbani alimkabidhi Kidoti karatasi yake. Pembe zote zilikuwa zimechanika na moja ilibaki na kipande cha plasta. Kidoti aliikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni.

"Nitakwenda shuleni kwenu," alisema Sista. Alikuwa amelifikiria jambo hili njia nzima na lilikuwa limempa nafuu. "Nitasimama mbele ya darasa zima, nitawaambia nilikukosea. Nitaomba msamaha mbele yao wote. Na mwalimu mkuu awepo."

Kidoti alimtazama kwa hofu ya kweli. "Usirudi pale!"

"Lakini nataka kukusafishia..."

"Mama, tafadhali. Ukirudi utanimaliza. Utasimama pale mbele, utaongea vizuri, utalia, watalia, watasema mama yako mzuri kweli. Na mimi nitakuwa nimekaa pale. Usifanye kitu. Naomba usifanye kitu chochote."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Sista alikuwa mtu wa kufanya. Kidonda hukisafisha, homa huipa dawa, mtoto anayelia humbeba. Kuambiwa akae na kosa lake kama lilivyo, asilitibu, asilieleze, asilifanye hadithi nyingine nzuri ya mama aliyetubu, kulimfanya ajisikie kama mtu aliyevuliwa nguo. Aliketi jikoni. Mumewe alirudi kutoka dukani akamkuta ameshika tama, viazi havijamenywa. Alichukua kisu akaanza kumenya.

"Umemwona mtoto?" alimuuliza mkewe.

"Nimemwona."

"Barua ile nilikosea kuiandika," alisema kinyozi. "Kesho nitakwenda kumwambia mwalimu mkuu ukweli." Alimenya kiazi kizima. "Sina sababu ya kukupa, ila aliponiomba niliona ndilo jambo la kwanza kuniomba tangu awe mrefu hivi."

Kidoti alirudi shuleni Jumatatu. Hakuna aliyempeleka. Jina lilikuwa linamngoja getini: Wosia. Wosia njoo, Wosia umeamkaje, Wosia hujazikwa tu? Habari hizi Sista hakuzipata kwa binti yake. Alizipata kwa Pacha, rafiki wa Kidoti, msichana mnene mwenye maneno mengi ambaye hakuwa pacha wa mtu yeyote ila aliitwa hivyo kwa jinsi yeye na Kidoti walivyogandana. Pacha alikuja zahanati na kidole kilichovimba, na wakati anafungwa bandeji alimwaga yote bila kuulizwa.

"Mwanzo alikuwa hajibu, Sista. Anakaa tu. Halafu juzi yule mvulana wa mkebe akamwambia mbele ya watu, Wosia, mimi umeniachia nini? Kidoti akamtazama, akamwambia nimekuachia ile sauti yako ya chura, maana nimeona hakuna mwingine anayeitaka. Weee! Darasa lilikufa! Na sauti yenyewe ikamtoka hapo hapo akitaka kujibu, kwaaa! Sasa Chura ndiyo jina lake."

Pacha alicheka mpaka kidole kikamuuma. Sista alitabasamu, akamalizia bandeji. Moyoni hakujua afurahi au ahuzunike. Mtoto wake alikuwa amejitetea kwa silaha ile ile, kumfanya mwingine achekwe, na alijua ameirithi kwa nani. Alifikiria yule mvulana na sauti yake. Alitamani kumwambia Kidoti jambo juu ya hilo. Alilimeza.

Kazi ya shule hakuiacha. Aliwaza kuiacha, na kwa wiki tatu alikataa kila mwaliko, hadi mumewe alipomuuliza ni nani atakayewaambia hao wengine. Lakini alikwenda na picha zake na boksi lake tu. Somo lake lilipoa. Walimu wawili watatu waliuliza kama anaumwa. Shule moja, msichana wa safu ya nyuma aliinua mkono akauliza: je, kama huyo mtu mzima unayemwamini hana nafasi? Watoto wengine walicheka kidogo, maana walitegemea kwamba Sista atatoa jibu la kuchekesha.

"Basi huyo mtu mzima amekosea," alisema. "Kosa si lako. Mwambie tena. Na kama bado hana nafasi, tafuta mwingine, mwambie huyo." Kisha akampa msichana yule namba ya zahanati, na baadaye alipofika kazini aliwaambia wote wanane kwamba mtoto yeyote akipiga simu ile, mtu aache anachokifanya.

Alibadilisha zamu, Jumanne na Alhamisi akawa nyumbani kuanzia mchana. Hakumwambia Kidoti ni kwa nini. Siku za mwanzo walipitana ndani kama wapangaji wawili wenye adabu. Mtoto alisoma mezani, mama akakunja nguo. Mara kadhaa Sista alifungua mdomo kuuliza swali, akasikia lile swali lilivyokuwa na sauti ya kisista, akaufunga. Kidoti alipokuwa na jambo alimpelekea baba yake. Sista alilijua kwa kuwa kinyozi alianza kujua mambo: ni mwalimu gani mkali, nani amehama, wimbo gani unapigwa sasa. Alimwonea mumewe wivu, kisha akauonea haya huo wivu.

Ilikuwa Alhamisi moja, muhula karibu kwisha, jua kali la saa nane. Sista alikuwa anapiga pasi. Kidoti alitoka bafuni, akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

"Mama."

"Naam."

"Pedi zimeisha."

Sista alizima pasi. Maneno sita saba yalimjia kwa pamoja, mengine ya kuuliza tumbo linauma kiasi gani, mengine ya kusema lile boksi la kazini limejaa. Hakusema hata moja. "Nakuletea sasa hivi," alisema, akatafuta viatu.

"Usinunue duka la pale kona."

"Kwa nini?"

Kidoti alikunja uso. "Mtoto wa yule mwenye duka tunasoma naye. Huwa anauza mchana."

"Nitakwenda la barabara kubwa."

"Ni mbali."

"Si mbali."

Kidoti alisita, kama anayepima jambo. "Na wasikuwekee kwenye mfuko ule unaoonyesha ndani."

"Nitachukua kikapu," alisema Sista.

Alichukua kikapu, akatia ndani kanga moja ya kufunikia, akatoka. Duka la kona lilikuwa wazi na mvulana mrefu alikuwa ameegemea kaunta, anapiga miayo. Alimsalimia kwa sauti nene iliyopasuka katikati, akainama haraka kujifanya anatafuta kitu chini. Sista alimwitikia kana kwamba hakusikia chochote. Akapita, akashika njia ndefu ya barabara kubwa, jua likimchoma utosini.